Maumivu baada ya upasuaji si mtihani wa uanaume

Mchimbaji akiangukiwa na jiwe kule Misisi, safari ya kufika Uvira kwa njia ya Baraka ni ndefu. Akifika na kupasuliwa, ndugu wanashukuru Mungu. Lakini usiku ganzi inaisha, anaanza kulia, na watu wanamwambia: "Vumilia, wewe ni mwanaume." Sisi tunasema hapana.

Maumivu makali yanaleta ugonjwa juu ya ugonjwa. Mtu aliyepasuliwa tumbo akiogopa kukohoa, makohozi yanabaki ndani na mapafu yanaweza kuharibika. Akiogopa kujigeuza kitandani, damu inaweza kuganda mguuni. Kutuliza maumivu ni sehemu ya matibabu, si zawadi ya wenye pesa.

Kuko njia inayoitwa peridurali. Munganga wa usingizi anapitisha mpira mwembamba mgongoni, karibu na mishipa inayobeba maumivu, na dawa inaendelea kupitia pale hata kisha upasuaji. Ganzi peke yake, ikiwa nyingi, inashusha presha na kulegeza miguu. Njo maana waganga wanaichanganya na dawa nyingine kidogo, kama morfini au fentanili: ganzi inapunguzwa, na mgonjwa anatulia zaidi. Si jambo la jana. Mwaka 1979 waganga wa Yerusalemu walionyesha kwamba morfini kidogo ikipitia pale inatuliza maumivu kwa saa nyingi. Pasipo na mpira ule, morfini kidogo inaweza kuongezwa katika sindano moja ya mgongo, ile wamama wengi wanaijua kwa sezariene.

Lakini morfini iko na hatari yake: hata saa nyingi baadaye inaweza kupunguza pumzi. Kwa hiyo inahitaji muuguzi wa kuhesabu pumzi usiku kucha, oksijeni, na naloksoni, dawa ya kuivunja nguvu. Pasipo na hivyo, heri munganga atumie njia nyingine.

Na sisi familia tuko na kazi. Kabla ya upasuaji, tumwambie munganga kila kitu mgonjwa alichomeza: tramadoli, vidonge vya usingizi, kanyanga. Kisha upasuaji, tusimpe kwa siri vidonge vya farmasi. Akiitwa bila kuamka, au pumzi ikiwa ya polepole sana, tusiseme "mwacheni apumzike". Tukimbie kuita muuguzi.

Tatizo kubwa ni kwamba dawa haifiki. Mwaka 2017 wataalamu wa jarida la Lancet walihesabu karibu tani 300 za morfini na dawa za jamii yake zinazogawanywa duniani kila mwaka. Nchi maskini zote pamoja zilipata tani 0.1 tu. Lakini umaskini si sababu ya kukaa kimya: jirani yetu Uganda anajitengenezea morfini ya kunywa, na wauguzi waliofundishwa wanaruhusiwa kuiandika.

Tunaomba wakubwa wa afya waweke morfini, naloksoni na muuguzi wa usiku pale watu wanapopasuliwa. Tunaomba kooperative za wachimbaji, zikichangia aliyeumia, zisihesabu kisu peke yake. Nawe ndugu msomaji, kabla ya kutia sahihi, uliza: "Kisha upasuaji, atapewa dawa gani ya maumivu, na nani atamwangalia usiku?"