Miaka ya Sitini Haikuwa na Vumbi

Mteja akisema anataka kava la albamu lenye sura ya miaka ya sitini, wachoraji wengi wa siku hizi wanajua la kufanya kabla hajamaliza kusema. Wanatandaza juu ya picha tabaka la karatasi kuukuu, wanazipaka pembe rangi ya chai, wanazikwaruza herufi, kisha katikati wanaweka duara hafifu, ile alama ambayo santuri huiacha kwenye kasha lililobanwa rafuni miaka mingi. Kazi imekwisha. Bendi ya roki inaonekana kama imeokotwa stoo kwa bibi. Hapo kilichoigwa ni uchakavu. Mtindo wenyewe haujaguswa.

Chukua albamu ya With the Beatles, toleo la Uingereza la Novemba 1963. Robert Freeman aliwapiga picha vijana wanne kwenye hoteli moja mjini Bournemouth, wamevaa sweta nyeusi za shingo ndefu, mwanga wa dirisha ukiwapata upande mmoja tu na nusu ya uso ikizama gizani. Picha haina rangi. Ila lishike kava lenyewe: mbele limefunikwa utando wa plastiki unaong'aa, na kingo zake zimekunjwa kwa nyuma na kugandishwa, unaweza kuzipapasa kwa kidole. Nyuma ni karatasi isiyo na utando, na ndiyo hasa inayogeuka kahawia. Aliyelinunua mwaka ule alikabidhiwa kitu kinachometa kama kiatu kipya cha Idi. Leo tunalienzi kwa kulimwagia vumbi.

Wengine, wakilikwepa vumbi, huangukia kwenye herufi zinazoyeyuka na rangi za kuumiza macho. Zilikuwapo, sibishi, Martin Sharp alizimwaga vizuri sana kwenye Disraeli Gears ya Cream, 1967. Lakini herufi zile zilishika kasi San Francisco kuanzia 1966, kwenye mabango ya matamasha ya Wes Wilson, ambaye naye alizichota kwa Alfred Roller, mchoraji wa Vienna wa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Anayeziiga akidhani amefika kwenye chimbuko, anamwiga mwigaji. Na 1968 Richard Hamilton aliwapa Beatles kava jeupe pee, jina limetuna tu kwenye karatasi bila wino, na namba ya mfululizo pembeni. Lipeleke leo kwa mteja wa "kisitini" uone kama utalipwa.

Cha kuiga ni namna walivyoamua. Mwaka 1965 Freeman alikuwa akiwaonyesha Beatles picha zake kwa kuzimulika kwenye kadibodi yenye ukubwa wa kava. Kadibodi ikalalia nyuma kidogo, nyuso zikarefuka. Wakaipenda, wakataka ichapwe vivyo hivyo. Charles Front akaandika jina la albamu, Rubber Soul, kwa herufi zilizovimba kama utomvu unaojikusanya kabla ya kudondoka, na jina la bendi halikuwekwa mbele kabisa. Ajali moja, maneno mawili, basi. Sisi kwenye kompyuta tuna tabaka mia, na hakuna hata moja tulilothubutu kulikataa.

Kuiga kwa akili kunawezekana. Mwaka 1979, The Clash walipotoa London Calling, Ray Lowry alichukua kutoka albamu ya kwanza ya Elvis Presley, ya 1956, zile herufi za waridi na kijani, wima kushoto na mlalo chini, akazizungushia picha ya Pennie Smith: Paul Simonon akilipigiza gitaa lake la besi jukwaani, picha yenye ukungu ambayo Smith mwenyewe hakuiona kuwa inafaa. Hakuna doa, hakuna kona iliyochanika. Wazo la miaka 23 lilirudi likiwa bichi.

Niliwahi kumwekea mteja mmoja makava haya mawili, la Elvis na la The Clash, mezani, sambamba. Aliyatazama kwa muda, akaitikia kwa kichwa, akanisifia. Kisha akauliza: "Sasa kaka, lile duara tutaliweka wapi?"