Tunataka Bodi, Hatutaki Huruma



Ukumbi wetu ulipouzwa, sisi tuliokuwa tukiutumia ndio tuliokuwa wa mwisho kujua. Jumamosi moja asubuhi watoto walifika na madaftari yao ya darasa la Kiswahili, mama mmoja akafika na beseni la maandazi, wote wakakuta kufuli jipya mlangoni. Humo ndimo tulimofanyia harusi zetu. Humo ndimo tulimochangishana tulipofiwa, ili maiti isafirishwe nyumbani.

Wiki nzima tulilalamika. Tuliambiana kwamba kaunsili imetufanyia njama, na kwamba mgeni siku zote hana chake. Kisha kijana wetu mmoja, mwanafunzi wa chuo, akaandika barua pepe ya mistari minne kuomba nyaraka zote zinazohusu ukumbi ule. Siku ya 18 ya kazi majibu yakaja. Mauzo yalijadiliwa katika vikao vitatu. Wananchi walipewa wiki sita watoe maoni. Tangazo lilibandikwa maktaba. Hakuna Mswahili hata mmoja aliyeandika neno.

Hilo ndilo lililotuuma kuliko kufuli. Hatukufichwa! Mlango ulikuwa wazi, ila hakuna aliyetuonyesha ulipo, na sisi wenyewe hatukuutafuta.

Ndiyo maana tunasema leo, na tutalisema mpaka lisikike: kaunsili ya mji huu iunde bodi ya ushauri juu ya upatikanaji wa kumbukumbu za umma, na ndani ya bodi hiyo wakae watu wa jamii zetu.

Tunajua tutakachojibiwa. Tutaambiwa sheria ipo, bodi ya nini? Kweli sheria ipo, tena nzuri. Sheria ya Uhuru wa Habari ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Januari 2005, inampa mtu yeyote haki ya kuomba taarifa iliyoko katika ofisi ya umma. Haiulizi pasipoti yako ni ya wapi, wala haitaki sababu. Ofisi ina siku 20 za kazi za kujibu, na inawajibika kumsaidia mwombaji. Linganisheni na kwetu: sheria ya Kenya na ile ya Tanzania Bara, zote za mwaka 2016, zinampa haki hiyo raia. Hapa hata aliyeshuka Heathrow jana anayo.

Lakini haki isiyo na njia ya kuifikia ni sawa na embe lililoning'inia juu ya mti mrefu. Ombi lazima liwe la maandishi, na wazee wetu wengi Kiingereza chao ni cha dukani na hospitalini. Huwezi kuomba faili ambalo hujui kama lipo. Na kaunsili inaruhusiwa kulikataa ombi ikikadiria kwamba kulishughulikia kutazidi pauni 450, yaani saa 18 za kazi kwa pauni 25 kila saa. Anayejua mambo hulipunguza ombi lake akapata anachotaka. Asiyejua hupokea barua ya kukataliwa, akaikunja, akaiweka kabatini pamoja na bili za gesi.

Wako miongoni mwetu wanaosema haya ni mambo ya makaratasi tu, kwamba sisi tumekuja kutafuta riziki. Kwao tuna jibu moja: Hanslope Park.

Mwaka 2009 wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau waliifungulia kesi serikali ya Uingereza mjini London. Mwaka 2011, kesi ikiendelea, serikali ilikiri kwamba mafaili ya kikoloni yaliyohamishwa siku za kukaribia uhuru yalikuwa yamewekwa Hanslope Park, Buckinghamshire. Yalikuwa takriban 8,800, kutoka makoloni 37 ya zamani. Kwa nusu karne wananchi hawakuwa na orodha ya kuwaonyesha kwamba yapo. Mwaka 2013 serikali ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya wadai 5,228. Machozi ya wazee wale yalikuwepo tangu miaka ya 1950. Karatasi zilipotoka kabatini, ikawa vigumu zaidi kuyakana.

Na tusidhani hatari ni kufichwa tu. Mwaka 2010 Wizara ya Mambo ya Ndani iliharibu kadi za zamani za kuingilia nchini, zikiwemo za watu waliotoka visiwa vya Karibiani. Habari hiyo ilijulikana mwaka 2018, wakati ambapo watu waliokulia hapa tangu utotoni walikuwa wanafukuzwa kazini na kunyimwa matibabu kwa kukosa ushahidi wa miaka yao nchini. Je, jamii zile zingeulizwa kabla ya kadi kuharibiwa, zingekubali? La hasha!

Bodi tunayoitaka haitahukumu malalamiko, kwa sababu kazi hiyo ni ya Kamishna wa Habari. Yake iwe minne. Kwanza, kuhakikisha kaunsili inatangaza orodha ya kumbukumbu ilizonazo kwa lugha ambayo mtu wa kawaida ataielewa. Pili, kuweka mtu wa kumsaidia mwombaji ana kwa ana, pamoja na mkalimani, ili mama aseme na mwingine aandike. Tatu, kupitia ratiba ya kuharibu mafaili kabla hayajaharibiwa. Nne, kutoa taarifa kila miezi mitatu: maombi mangapi yamekuja, mangapi yamekataliwa, na kwa sababu gani.

Hatusemi ndoto. San Francisco, Marekani, ilianzisha chombo cha namna hii kwa sheria ya mji ya mwaka 1993, na mwaka 1999 wapiga kura wakaiongezea sheria hiyo nguvu. Kina wajumbe 11, na kiti kimoja kimetengewa mwandishi kutoka chombo cha habari cha jamii za wachache. Kina udhaifu wake pia: hakina meno ya kuyatekeleza maamuzi yake, hulazimika kuyapeleka kwa wengine. Ndiyo sababu tunataka yetu iandikwe katika kanuni za kaunsili tangu siku ya kwanza, na kaunsili ilazimike kuujibu ushauri wake hadharani. Bodi ya chai na biskuti hatuitaki. Za namna hiyo tumeshakalia nyingi, tukapigwa picha, tukarudi nyumbani.

Kuna hofu moja hatutaidharau. Baadhi yetu makaratasi yao ya uhamiaji bado hayajatulia, na ombi hudai jina la kweli. Hao wasilazimishwe. Wenye hati kamili ndio watangulie mbele, na ndiyo maana ya kuwa jamii. Lakini wewe mwenye pasipoti nyekundu au ya buluu, uliyekaa hapa miaka 20, unayelipa kodi ya kaunsili kila mwezi bila kukosa, unaogopa nini? Kuonekana mkorofi? Aliyenyamaza naye kafungiwa ukumbi vilevile.

Vikao vya kaunsili kwa kawaida viko wazi kwa umma. Tunaomba watu kumi tu waje nasi katika kikao kijacho, wakae viti vya mbele, na mmoja wetu asimame kuuliza swali letu pale watakapotoa nafasi. Wasiojua Kiingereza waje pia. Kuonekana kwao ni swali tosha.

Ukumbi umekwenda, haurudi. Lakini ipo bustani ambako vijana wetu wanacheza mpira, ipo shule ya watoto wetu, ipo sehemu ya makaburi tulikowazika wenzetu ambao hatukuweza kuwarudisha kwao. Kila kimoja kina faili lake mahali fulani ndani ya jengo lile la kaunsili. Sisi tutakwenda kuuliza yameandikwa nini. Nani anakuja?