Mlaze chali, shangazi atanuna kidogo tu

Leo nina neno na nyie mliopata mtoto juzijuzi, hasa akina baba mnaodhani kulaza mtoto ni kazi ya mama peke yake.

Kichanga analazwa chali. Si ubavu, si kifudifudi. Chali, usiku na mchana, mpaka atimize mwaka. Najua shangazi atakuja juu: "Atapaliwa huyo!" Shikamoo shangazi, lakini sivyo. Akiwa chali, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, hivyo akicheua, maziwa hayaingii kirahisi kwenye hewa. Uingereza walianza kuwahimiza wazazi mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya vichanga usingizini vikapungua sana.

Halafu ile mito, mablanketi mazito na midoli ya manyoya, toeni kitandani, isije ikamziba pua. Godoro liwe gumu, shuka likazwe, chandarua chenye dawa kichomekwe vizuri. Na joto hili la Dar, kofia ya sufi ya nini? Mguse kifuani, akitoka jasho, mpunguzie nguo.

Baba uliyepiga kilaji, au unayevuta sigara, usilale kitanda kimoja na mtoto. Mkeka upo. Wala usisinzie naye kwenye sofa, hapo ni hatari kubwa.

Akiamka saa nane usiku kudai ziwa, msinune. Tumbo lake dogo.

Haya, tukutane wiki ijayo!