Bei Inapanda Yenyewe, Sisi Tunainuliwa

Wengi wetu tulihangaishwa na "rise" na "raise" tukiwa shule ya msingi. Mwalimu alieleza hivi: jua lina-"rise", maana linapanda lenyewe, bendera una-"raise", maana lazima kuwe na mtu ameshika kamba. Ukichanganya, umekosa. Tukamaliza shule, tukaanza kulipa kodi ya nyumba, ndio tukagundua sarufi ile haikuwa ya mtihani peke yake.

Angalia nani anapewa kitenzi gani. Mvua ikinyesha jioni, nauli ya 46 kwenda Kawangware inaruka na makanga anakwambia tu "imepanda". Landilodi wa Gatina au Lindi anatuma meseji kwamba kodi imepanda kuanzia mwezi ujao. Unga umepanda. Mafuta yamepanda. Gazeti la Kiingereza nalo linaandika "rents rise". Hakuna mtu hapo. Bei ni kama jua.

Sasa njoo kwa yule anayelipa hiyo kodi. Ghafla mtu anapatikana. Shirika lina-"uplift" vijana wa Kibera. Wakfu una-"empower" wasichana wa Kawangware. Serikali ina-"upgrade" mtaa. Mwanasiasa ana-"lift" mahasla. Kila sentensi ina mwinuaji mwenye jina, nembo na mpiga picha, na sisi tuko mwisho wa sentensi, pale mzigo unapokaa. Aliyepandisha bei amefichwa, lakini anayetuinua amechorwa kwenye fulana tuliyovalishwa. Huo ndio ugomvi wangu.

Chukua neno "upgrade". Mwaka wa 2004 serikali na UN-Habitat walizindua mpango wa KENSUP, na U ya hapo ni ya "upgrading". Septemba 2009 familia za Soweto East, Kibera, zilianza kuhamishiwa nyumba 600 za muda kule Lang'ata zikisubiri mtaa wao ujengwe upya. Nyumba mpya 822 zilikabidhiwa 2016. Hesabu: miaka saba. Upgrade ya simu inaisha kabla chai haijapoa. Hii ya watu iliwaacha wakining'inia hewani mtoto aingie darasa la kwanza na afike la saba. Baadhi walipangisha vyumba vyao vya Lang'ata kwa wenye uwezo zaidi wakarudi kuishi mtaani, na watu wakawaita wasio na shukrani. Lakini neno "upgrade" lilikuwa limeuliza mama mboga atalipa nini kila mwezi akishapanda ghorofani? Halikuuliza. Linajua kwenda juu tu.

Kuna pia siku za kushuka. Tarehe 23 Julai 2018 tingatinga ziliingia Kibera kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Maelfu walibaki bila makao, na shule zikawa vifusi. Kwa Kiingereza cha ripoti hiyo inaitwa "residents were displaced", sentensi ambayo hata dereva wa tingatinga hayumo. Wakitupandisha, wana majina. Tukishushwa, tumeshuka tu.

Utaniambia maneno hayajengi choo. Kweli. Vyoo, zahanati na barabara zilizojengwa Kibera kupitia NYS kuanzia 2014 ni vitu vya kushikika, na sitamcheka mtu anayefurahia maji safi. Lakini kumbuka nani alishika jembe. Vijana wa mtaa wenyewe ndio walichimba mitaro na kuzoa takataka kwa ujira wa siku. Kwenye lugha ya miradi, kijana huyo mwenye malengelenge mikononi anaitwa mnufaika. Amejenga, halafu ameandikwa kama aliyejengewa. Na hilo lina gharama: mnufaika haulizi maswali kwenye mkutano, anashukuru. Mwenye kazi angeuliza mshahara umefika wapi.

Kiswahili kina dawa, na iko kwenye herufi chache. Tuna kuinua, halafu tuna kuinuka, ambako hakuhitaji mfadhili. Sheng nayo ikatupa kuomoka. Hujawahi sikia msee akisema "nimeomolewa". Ameomoka, basi. Tuna kuinuana pia: kina mama wa Makina wanakaa Jumapili, kila mmoja na mia mbili yake, mmoja anaenda na kapu lote na wiki ijayo ni zamu ya mwingine. Hakuna anayepigwa picha akiwa ameinuliwa.

Hata harambee, kabla haijawa ya wanasiasa kupeana bahasha, ilikuwa ukelele wa watu wanaoinua kitu kizito pamoja. Jomo Kenyatta aliufanya wito wa taifa mwaka wa 1963. Kilichokuwa kinainuliwa ni mzigo. Watu walikuwa upande wa wenye mikono.

Na kwa bei, tuna kupandishwa. Ukisema kodi imepandishwa, swali linafuata lenyewe: na nani? Juni 2024 hilo swali liliulizwa barabarani. Ushuru wa Mswada wa Fedha haukuwa unapanda kama jua. Ulikuwa unapandishwa kifungu kwa kifungu, na wabunge waliosema ndiyo tarehe 25 walijulikana kwa majina. Siku iliyofuata Rais akasema hatautia saini. Wapo vijana walioenda mjini siku hiyo na hawakurudi nyumbani. Na ona tulivyoitwa: vijana wakiinuliwa kwenye semina ya hoteli, hiyo ni maendeleo, wakiinuka wenyewe, wanaitwa wahalifu.

Kwa hivyo mtu akikuletea mradi wa kukuinua, usimkatalie mkono. Muulize tu: unaniinua kutoka wapi hadi wapi, nani atalipia nikishafika, na ukiachilia nitaangukia nini? Kama hana majibu, huo ni mradi wa picha. Na wewe unayeandika hizo proposal, maana wengi wetu wenye digrii ndio kazi tuliyopata, jaribu kuandika moja ambayo watu wa Kawangware wako mwanzo wa sentensi, wanafanya kitu. Uone kama itapata pesa. Jibu utakalopata litakueleza mengi kuhusu mfadhili wako.

Halafu ile meseji ya landilodi, "kodi imepanda". Mjibu kwa adabu: imepandishwa na nani, na umeongeza nini kwa ploti? Tuma na kwa group ya wapangaji wote.