Kizingiti cha Mlango



Alfajiri moja hapa Westville, mama yetu mzazi, akitoka kutawadha, alijikwaa kwenye ukanda wa alumini uliobenuka baina ya vigae vya ukumbini na mbao za chumbani. Alhamdulillahi, hakuvunjika. Fundi alikuwa ameupigilia kwenye mbao zenyewe, nazo zimebanana na vigae. Ulipozidi unyevu wa Durban zilitanuka, zikauinua. Tuliung'oa, tukapunguza ncha za mbao hadi ukapatikana mwanya wa milimita 10, kisha tukafunga ukanda mpya kwa skrubu zilizoshika saruji iliyo chini ya mwanya, vichwa vyake vimezama. Mwenye mzee nyumbani apitishe kiganja kwenye kila kizingiti leo, kabla ya Isha.

Wabillahi tawfiq.