Amri ya Kufunga Mtaa na Haki ya Aliyefungiwa



Akina mama huuliza kila yanapotajwa maradhi ya kuambukiza: je, Sharia yaruhusu serikali kuwazuia watu majumbani ilhali riziki yao iko nje?

Jawabu ni kwamba yaruhusu. Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kuingia katika nchi yenye tauni, na akamkataza aliyemo kutoka kwa kuikimbia. Sayyidna Umar (R.A.) alipofika Sargh, akiwa njiani kuelekea Sham, aliambiwa kuwa tauni imezuka huko. Alishauriana na masahaba, akaamua kurejea Madina, na Abdurrahman bin Auf akamthibitishia uamuzi wake kwa hadithi hiyo.

Lakini Umar huyo huyo, katika Mwaka wa Ramada, mwaka wa 18 Hijria, njaa ilipowakumba watu wa Hijazi, aliagiza chakula kutoka majimbo mengine na akajinyima samli mpaka raia wake waipate. Basi kiongozi aliyejua kuzuia alijua pia kulisha.

Tuyapime kwa mizani hiyo yaliyotufika mwaka wa 2020. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, tangu saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Mei, Mji wa Kale hapa Mombasa na Eastleigh kule Nairobi vilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka, nasi tumo katikati ya Ramadhani. Vilifunguliwa mwanzoni mwa Juni, Idi imekwisha kupita.

Amri ilikuwa moja, ila uzito wake haukuwa mmoja. Mwenye mshahara na friji alikaa nyumbani akasoma Qur'ani yake. Mama auzaye mahamri na viazi vya karai aliupoteza mwezi ambao ndio msimu wake. Kibarua alalaye kwa alichokipata mchana hakuwa na cha kupeleka nyumbani. Na katika nyumba ya vyumba sita yenye aila sita na choo kimoja, watu wataepukana wapi? Kwa anunuaye maji kwa mtungi, kila kunawa mikono kwapunguza maji ya kupikia.

Maradhi hayatoi ahadi ya siku ya kurudi. Kwa hivyo tujiandae mapema kwa mambo manne.

Kwanza, kila msikiti uwe na daftari la wahitaji, na kamati yake iwe na wanawake, kwani wao ndio wajuao ni jiko gani halijawashwa. Pili, wenye mali iliyofika nisabu watangulize zaka; wanazuoni wengi wameruhusu kuitoa kabla ya mwaka kutimia. Tatu, mwenye nyumba ampe muda mpangaji aliyekwama kodi. Sura ya Al-Baqara imetuamrisha kumngojea mdaiwa mwenye dhiki mpaka afarijike. Nne, anayetoa unga asimpige picha anayepokea, kwani sitara ya masikini ni amana.

Serikali nayo, kabla ya kuweka kizuizi barabarani, na ijiulize walio ndani watakula nini kesho yake. Hilo ni deni lake, wala haliondoki kwa sadaka zetu.

Mola atukinge na maradhi, na asitujaalie kushiba hali ya kuwa jirani ana njaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.