Nishati safi itakwama kwenye sufuria ya maharage

Nyumba nyingi za mjini siku hizi zina mtungi wa gesi na jiko la mkaa. Gesi ni ya chai na mayai. Ikifika zamu ya maharage, mkaa unawashwa. Mimi nauza wali maharage hapa Mbeya, na wanawake wanaokuja kula kwangu hunipa sababu ileile: "Mama, maharage yatanimalizia mtungi."

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Moshi na vumbi la mkaa navijua. Lakini mitungi inagawiwa bila ujuzi wa kupikia chakula kinachokula moto kuliko vyote.

Ujuzi wenyewe si mgumu. Usiku chagua maharage, osha, loweka kwenye maji mengi yenye kijiko cha chumvi. Wengi tuliambiwa chumvi huyakaza, kumbe kwenye maji ya kulowekea hulainisha ganda. Asubuhi mwaga maji hayo, maana yamebeba sehemu ya vile vinavyojaza tumbo gesi. Ukisahau kuloweka, yachemshe dakika 2, zima moto, funika kwa saa moja, kisha mwaga maji uanze upya.

Dakika 10 za mwanzo yachemke kwa nguvu, na hapo usibanie gesi. Maharage, hasa mekundu, yasipoiva vizuri yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha. Baada ya hapo funika, punguza moto, yatokote taratibu. Maji yakishachemka hayapati joto zaidi hata ukifungua moto wote. Unachoongeza ni mvuke tu, na gesi inakwisha bure. Sisi wa nyanda za juu tuna mzigo wa ziada. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kabla ya kufika nyuzi 95, ndiyo maana maharage huku huchelewa kuliko Dar es Salaam. Anayeweza kujibana anunue presha kuka: mvuke ukibanwa ndani, joto hupanda na muda wa kupika hupungua sana.

Nyanya, ndimu na ukwaju vikae kando mpaka punje ipondeke ukiibonyeza kwa vidole, kwa sababu uchachu hulifanya ganda ligome kulainika. Magadi huivisha upesi, ila huharibu vitamini B1. Kwa familia inayoona nyama Jumapili tu, hiyo ni hasara ya kweli. Na sokoni uliza kama maharage ni ya msimu huu. Yaliyokaa sana ghalani kwenye joto na unyevu hugoma kuiva hata uyafanyeje.

Wapo wanaosema kuloweka kunapoteza rangi ya mchuzi. Ni kweli inapungua kidogo. Lakini utamu wa maharage unatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa vizuri, nazi ukipenda, na chumvi ya kutosha.

Kwa hiyo nawaomba wanaogawa mitungi: kila mtungi uende na somo, na lifanyike mbele ya sufuria, siyo kwenye kipeperushi. Mikutano ya mitaa ipo, kliniki za wajawazito zipo, na sisi mama lishe tupo kila soko. Tuiteni tufundishe. Mwanamke akiona maharage yake yameiva na mtungi bado mzito, hatahitaji kuhubiriwa kuacha mkaa.